Kisima Mguuni pa Zege

Penina Masagasi hanunui kitu kwa bei ya kwanza, na kwake huo si ubahili bali adabu. Mtu akikutajia bei nawe ukakubali papo hapo, anasema, umemnyima maongezi, na tena umemtuma nyumbani akijilaumu kwamba angetaja zaidi. Kwa hiyo yeye hukaa. Huuliza habari za watoto na za mifugo. Humnyanyua kuku, humpuliza manyoya chini ya mkia aone kama ana mafuta, kisha humweka chini polepole kwa huruma, kana kwamba ndege ni mgonjwa na hapendi kuwa yeye wa kumwambia mwenye kuku. Wapo watu hapa kijijini waliomuuzia kuku, wakambebea mpaka kwake, wakamfungia kamba mguuni, wakaondoka wakishukuru.

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Alizaliwa milimani, upande wa Kibakwe, ambako vijito hutiririka hata kiangazi na mtoto akitumwa maji hurudi kabla ugali haujaiva. Alipoolewa na Denis akashushwa huku tambarare, kwenye ng'ombe wengi na mvua ya kubahatisha, aliuliza mto uko wapi. Akapelekwa korongoni. Akaona mchanga mtupu, mpana, mweupe, umekauka mpaka unalia chini ya nyayo. Akadhani wakwe zake wanamtania.

Mama mkwe hakumtania. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Alipiga magoti kwenye mchanga, akafukua kwa kiganja, akafukua tena, mpaka mkono ukapotea begani. Akangoja. Penina akaona mchanga wa chini unabadilika rangi, kisha unang'aa, kisha yakatokea maji kidogo kama ya kujaza kibuyu.

"Maji ya huku hayapiti," mama mkwe akamwambia. "Yanalala. Kazi yako ni kujua yanapolala, na kutoyaamsha kwa fujo."

Ndivyo wanavyoishi watu wa korongo hili. Kila ukoo una mahali pake mchangani. Kiangazi unachimba kisima chako, unakizungushia matawi ya miiba ng'ombe wasikivuruge, unaacha mlango wa kupita mtu. Mpita njia akiwa na kiu anakunywa, mradi achote mwenyewe na arudishe mwiba mlangoni. Mvua zikija, korongo linashuka na kufuta kila kitu: visima, miiba, nyayo, hata ugomvi. Maji yakipungua, kila ukoo unarudi palepale. Hakuna alama wala hati, lakini hakuna anayethubutu kuchimba pa mwenzake. Mahali pa kisima hurithiwa kama jina. Denis alirithi kwa mama yake, na Penina akarithi kwa kuolewa, na kwa kuinama pale mpaka mgongo ukaota sugu.

Kisha ikaja sakafu. Watu wa barabara walilaza zege kutoka ukingo hadi ukingo ili magari yapite juu yake kiangazi, na maji yapite juu yake masika. Wao waliiita drifti. Wanakijiji wakaiita daraja, ingawa haina chini ya kupitia. Kwa vyovyote ilibadilisha maisha. Malori yakaanza kufika, na mahindi yaliyokuwa yakiliwa na panya vihengeni yakaanza kwenda soko la Kibaigwa. Hapo ndipo Penina alipojitengeneza. Alianza kwa kukusanya mahindi ya majirani, gunia hapa debe pale, akiyahifadhi mpaka bei ipande mvua zikikaza. Leo hii madalali wa Kibaigwa wanamjua kwa sauti kwenye simu, na baadhi yao wakiona namba yake huvuta pumzi kwanza.

Sakafu ilileta na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitarajia. Upande wa chini, maji yanakokwenda, zege lina kishuko kama urefu wa goti. Kila masika maji yakiruka kishuko hicho yalichimba shimo, na kila yalipopungua yaliacha shimo limejaa mchanga msafi, wenye chembe nene. Mchanga wa namna hiyo unashika maji kama mama anavyoshika mtoto. Mahali pa Penina palikuwa chini ya hapo, penye kona. Mwaka mmoja akaona maji yako karibu zaidi akisogea hatua. Mwaka uliofuata akasogea tena. Hakumnyang'anya mtu, pale mguuni pa zege hapakuwa na mwenyewe. Wengine wakamwona, wakasogea na wao, maana kijiji hiki kinapoona Penina amekaa mahali hakiulizi sababu, kinatafuta nafasi pembeni yake. Basi kila kiangazi visima vikajipanga chini ya kishuko kama nguruwe wachanga kwenye chuchu, na cha Penina kikiwa katikati, kimeingia mpaka chini ya ukingo wa sakafu.

Hapo ndipo Aneth alipomkuta, mwisho wa kiangazi kilichopita.

Aneth ni injinia wa barabara wilayani, binti mdogo kwa umri wa kazi yake, mwenye viatu vikubwa na sauti ndogo. Aliacha gari juu, akashuka mchangani kwa miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na jua. Kunywa maji."

Aneth akapiga magoti mlangoni pa miiba, akachota, akanywa. Akachota tena. Kisha hakuinuka. Aliinamisha kichwa, akachungulia ndani ya kisima, halafu juu.

"Mama, maji haya matamu."

"Ndiyo maana niko hapa."

"Na mimi ndiyo maana niko hapa. Humu ndani naona tumbo la sakafu."

Penina akacheka. Aneth hakucheka. Akaokota kijiti, akaanza kuchora mchangani: mstari wa zege, kishuko, maji yanayoanguka.

"Sakafu hii haijisimamii yenyewe, mama. Imeshikwa na mchanga ulio chini yake. Mafuriko yakija kwa ghafla, maji yanaruka hapa, yanaanguka, yanazunguka. Ni kama mwiko unavyokwangua chini ya sufuria. Yanachimba na kurudi nyuma, kuelekea chini ya zege. Nyie mko ukingoni mnaona maji mekundu tu yanapita. Chini yake kuna shimo la kumeza mtu aliyesimama."

"Mbona kesho yake tunakuta pako sawa?"

"Kwa sababu yakiishiwa nguvu yanaangusha mchanga yaliokuwa yameubeba. Shimo linajifukia lenyewe."

"Basi limepona."

"Halijapona. Ule ni mchanga uliomwagwa, haujajikaza. Mama si unauza mahindi? Gunia ulilolitikisa na gunia usilolitikisa, yote yakionekana yamejaa, yako sawa?"

Jambo hilo Penina alilijua vizuri kuliko alivyopenda lijulikane: gunia analonunua hulitikisa sana, analouza huliacha lilivyo.

"Sasa nyie," Aneth akaendelea, "mnapochimba hapa kiangazi kizima, mnayaanzia maji kazi. Yakija yanakuta mlango umeshafunguliwa. Naomba mhamie upande wa juu, mbali na zege, kabla ya mvua."

"Upande wa juu kuna magadi. Baba wa jirani yangu Emilia alichimba kule, chai ikakataa maziwa. Yalikatika kwenye kikombe."

"Si kote kuna magadi."

"Umeonja?"

"Sijaonja, mama. Siwezi kukuahidi."

Penina akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Watu wenye viatu vikubwa huja na ahadi nyingi. Huyu alikuwa na kijiti tu.

"Nyanya zangu zimeshika maua," akasema, akaelekeza mkono kwenye matuta yake kando ya korongo. "Zinakunywa hapa. Niachie zitoke, kisha tutazungumza."

"Mvua hazisubiri nyanya."

"Basi nusu. Nitafukia upande mmoja."

Aneth akainuka, akapangusa magoti. "Mama," akasema kwa upole, "hapa si mimi unayepatana naye."

Maneno hayo yalimkaa Penina siku kadhaa. Lakini nyanya zilikuwa na maua kweli, na maji yalikuwa matamu, na mwenyekiti wa kijiji alipotangaza kwamba visima vihame, watu wote walimtazama Penina. Penina hakuhama. Hakuhama mtu.

Korongo lilishuka Jumapili moja mchana, jua likiwaka. Hapa kijijini hapakuwa na tone. Watu walikuwa wametoka kanisani. Emilia, jirani na shoga yake Penina wa miaka mingi, alikuwa ameanika nguo mchangani. Denis ndiye aliyesimama ghafla katikati ya ng'ombe wake, akatazama weusi uliokaa juu ya milima, kisha akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Kunakuja," akasema. Kwa Denis hiyo ni hotuba.

Penina alipiga yowe, na yowe la Penina linafika mbali. Nguo zikakusanywa, punda wakakimbizwa, watoto wakaburutwa kwa mikono. Maji yalitokea kwenye kona yakiwa kama ulimi mchafu, mapovu na vijiti na samadi, yakinusa njia polepole. Nyuma ya ulimi ukaja mwili. Korongo lote likasimama rangi ya udongo, likabeba mgunga mzima na mizizi yake. Juu ya sakafu maji yalilala laini kama kitambaa. Yalipofika kishukoni yalivunjika, yakajikunja na kurudi nyuma kwa hasira. Waliokuwa ukingoni walisikia mlio kutoka chini, kama mtu anaburuta mawe ndani ya nyumba iliyofungwa. Penina alisikia. Alijua mlio unatoka wapi. Alijifunga kanga upya, akaendelea kutazama kama wengine.

Jioni maji yalikuwa yamekwenda zake kuelekea bwawa la Mtera. Asubuhi iliyofuata korongo lilikuwa zuri kama mkeka mpya.

Penina alikuwa wa kwanza kushuka. Zege lilikuwa palepale, limeoshwa, halina hata ufa. Mchanga ulikuwa umejaa mpaka mdomoni mwake, umesawazishwa vizuri kuliko ambavyo mtu angesawazisha kwa reki. Akapiga magoti mahali pake. Akakwangua kwa kiganja, mara moja tu, na maji yakatoka.

Akakaa akiyatazama. Miaka yote hiyo hajawahi kuyapata karibu namna ile. Akaonja. Yalikuwa matamu, mepesi, baridi. Akacheka peke yake kwa sauti, mpaka Emilia aliyekuwa akihangaika na kisima chake pembeni akanyanyua kichwa.

"Umeokota nini?"

"Njoo uone."

Emilia akaja, mikono imejaa mchanga hadi viwikoni. Akaona. "Haki ya Mungu, Mama Priska," akasema, "huko mbinguni kuna mtu unamhonga."

"Chota. Ila usinikorogee."

Ulibaki uzio. Penina alimtuma Emilia miiba, yeye akachukua mtaimbo wake, chuma kirefu cha kuchimbia mashimo ya nguzo, akauinua na kuupiga mchangani ili asimike mti wa kwanza. Mtaimbo haukugonga. Ulizama kama kwenye uji, na yeye nusura aufuate. Akauvuta, akajaribu pembeni. Vilevile. Akaulaza kidogo, ncha ikielekea chini ya sakafu, akasukuma. Ukaenda. Akasukuma mpaka vidole vyake vikagusa zege, na kule mwisho chuma kilikuwa kinacheza ndani ya maji, hakigusi chochote. Akatembea kando ya kishuko akipima, mtaimbo ukazama kila mahali, mpaka karibu na ukingo wa pili.

Akakaa juu ya zege. Kama angekuja mtu kumuuliza ushauri sokoni, kwamba nimeletewa mali nzuri kupita kiasi kwa bei ndogo kupita kiasi, angemjibu kabla hajamaliza kusema: kabla hujafungua mkoba, uliza ina kasoro gani. Maji yako juu kwa sababu shimo ni kubwa. Shimo ni kubwa kwa sababu sakafu imekaa juu ya uji. Utamu wote ule aliokuwa ameuonja ulikuwa umetoka tumboni mwa barabara.

Na akisema, watafukia. Watajaza mawe. Mahali pale hapatakuwa pake tena, wala pa binti yake Priska, wala pa mtoto wa Priska.

Denis akashuka na ng'ombe wawili watatu. Alimwona mkewe ameketi asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaja akakaa pembeni. Penina akamwonyesha mtaimbo. Denis akausukuma, akautoa, akautazama.

"Ukisema watapafunga," akasema.

"Najua. Mahali pa mama yako."

Denis akafikiri. Kisha akanyoosha fimbo, akaonyesha mbali kule chini, penye kona. "Mama alikuonyesha pale. Hapa ulisogea mwenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Denis hana ubaya, ana kumbukumbu tu, na Penina alishamwambia mara nyingi kwamba kati ya hayo mawili afadhali ubaya.

Kabla hajamjibu, injini ikanguruma juu kijijini.

Lori lilikuwa la Bashiri. Bashiri ni Mrangi wa Kondoa, mnunuzi wa mahindi anayefanya kazi zake Kibaigwa, mwembamba, mcheshi, mjanja. Yeye na Penina wamefanya biashara miaka mingi kwa kutukanana na hawajawahi kukosana. Juzi alikuwa amepakia vijiji vya ndani, akamalizia na magunia ya Penina, akalala kijijini, na jana kabla hajaondoka akafungiwa na korongo. Sasa alishuka kwenye lori akatembea juu ya sakafu, akairukia kwa visigino, akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, Mama Priska! Wagogo mna mto wa ajabu nyie. Unakuja siku moja, unafanya fujo, unaondoka bila kuaga. Kama shemeji yangu."

"Bashiri, shusha mzigo."

"Nishushe nini?"

"Mahindi."

"Yako?"

"Yote."

Bashiri akageuka kumtazama utingo wake, kisha watu waliokuwa wameanza kukusanyika. "Mmesikia? Juzi mama huyu alinibana mpaka nikasahau jina la baba yangu. Nimepakia, nimefunga turubai, leo ananiambia nishushe. Mama Priska, kama umesikia bei ya Kibaigwa imepanda usiku, sema tu, tuanze kugombana."

Watu wakacheka. Penina akafungua mdomo, na akajikuta yuko mahali ambapo hajawahi kuwa: ana jambo la kweli, na hakuna anayemwamini. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Anataka kumchelewesha, apandishe." Mwingine akaongeza kwamba hata sabuni huyu mama huanza kwa kuilaumu. Ni sifa aliyoijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, na sasa ilikuwa imemzunguka kama ukuta.

"Sakafu imeoza chini," akasema.

"Imeoza wapi? Tazama! Haina hata ufa." Bashiri akaruka tena.

"Wewe una uzito wa kuku, Bashiri. Lori lina uzito wa lori."

"Basi tushushe yako, mimi nivuke na ya wengine. Hapo umeridhika?"

Hilo lilikuwa pendekezo zuri. Mzigo wake ungekuwa salama, na zege likianguka lingeanguka na wa mwingine. Watu wasiomjua wangedhani Penina atalichukua. Alimtazama Bashiri, mwembamba, na utingo aliyekwisha panda juu ya magunia tayari kwa safari. Akashuka kishukoni, akapiga teke mti wa uzio uliokuwa umelala mchangani, akamwita.

"Njoo hapa. Shika mtaimbo mwenyewe. Mimi siuzi kitu hapa."

Bashiri akashuka akitabasamu. Akashika chuma, akakielekeza alikoonyeshwa, chini ya zege, akasukuma kwa mikono miwili kwa nguvu za mtu anayetarajia kugonga. Hakugonga. Mtaimbo ukamponyoka mikononi, ukaingia mzima, ukazama. Yakatoka mapovu. Bashiri akabaki kifudifudi mchangani, shavu limegusa zege.

Watu wakarudi nyuma hatua, mbali na zege.

"Mtaimbo wangu," akasema Penina.

"Mama Priska..."

"Ufuate."

Hapo aliyecheka alikuwa Denis peke yake, na alicheka muda mrefu. Utingo alikuwa ameshashuka juu ya magunia bila kuambiwa. Emilia ndiye aliyesema lililokuwa linazunguka vichwani mwa watu: "Lakini hapo si ndipo kisima chako?"

"Ndipo," Penina akajibu. "Na cha kwako kiko pembeni. Wote tumechimba. Mimi nimechimba zaidi. Mnataka tuimbe, au tushushe mahindi?"

Wakashusha. Punda wakaletwa, na magunia yakavushwa kwa kuzunguka juu, mbali na zege, penye mchanga mgumu. Mengine kwa vichwa, mengine kwa baiskeli zilizokuwa zikizama na kutukanwa. Bashiri alipiga simu kutafuta lori jingine la upande wa pili. Ujira wa wabebaji Penina aliusimamia yeye, akamminya Bashiri kwa niaba ya kijiji kizima, na Bashiri akalalama kwa furaha, maana sasa dunia ilikuwa imerudi katika hali anayoielewa. Miiba iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya uzio Penina aliamuru ipangwe barabarani, pande zote mbili za sakafu. Huku kwetu kila mtu, hata mtoto, anajua mwiba mlangoni maana yake nini.

Kisha akapanda kichuguu ambako simu hushika mtandao.

"Injinia," akasema, "kumefunguka chini ya sakafu."

Aneth alikuja na watu wake na fimbo ndefu za kupimia. Walipima asubuhi nzima. Alipomaliza alikaa ukingoni karibu na Penina, akavua kiatu kimoja, akamwaga mchanga.

"Haya, sema," Penina akasema.

"Niseme nini, mama?"

"Kwamba uliniambia."

"Nilikuambia."

"Tumemaliza. Sasa tuzungumze."

Wakazungumza mpaka kivuli kikahama. Aneth alitaka shimo lijazwe mawe makubwa, na mbele yake zipangwe gabioni, vile vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ili maji yakiruka yaangukie mahali pasipochimbika. Waya na mafundi ni vya ofisi. Penina akauliza mawe ni ya nani. Aneth akasema ofisi haina lori la kubeba mawe mwaka huu. Penina akasema kijiji kina kilima cha mawe, kina punda, na kina mwanamke anayejua kuwaamsha watu, ila kijiji hakibebi mawe ya kufukia visima vyake mwenyewe bila kupewa kitu.

"Unataka nini, mama?"

"Mkitengeneza, inueni ukuta upande wa juu. Mchanga ulale kule, maji yalale kule. Nimeutazama huu mchanga maisha yangu. Unakaa pale unapozuiwa."

Aneth akatafakari. "Hata mimi nimelifikiria. Kwenye mchoro nitaliweka. Lakini siahidi kama litapita."

Mtu mwingine angekasirika. Penina aliitikia kwa kichwa polepole, akaridhika, akasema siku ya kusomba mawe itakuwa Jumamosi. Akaongeza kwamba mafundi watakula kwake, na kwamba yeye atapika. Aneth akashtuka kidogo, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mtego. Haukuwapo. Kwa Penina, ukishapata mtu asiyeahidi uongo unamlisha, usije ukampoteza.

Ukuta bado haujajengwa. Mawe yamejaa, gabioni zimekaa, malori yanapita, Bashiri amerudi na matusi mapya. Na mguuni pa zege hachimbi mtu.

Siku ya kwanza ya kwenda juu, maana Aneth alikuwa amekataza upande wa chini wote, Penina alikwenda na Denis tu. Alichimba penye kona ya juu, akaonja, akatema. Alichimba chini ya ukingo wa mashariki, akapata tope. Jua lilikuwa limepanda alipofika mahali ambapo mchanga ulikuwa na chembe nene kidogo, si sana, akaingiza mkono mpaka begani, akangoja. Maji yalikuja polepole, bila haraka yoyote ya kumpendeza. Akachota kwa kiganja. Yalikuwa na magadi. Si ya kukata maziwa, lakini yapo, yanakaa nyuma ya ulimi kama neno ambalo mtu hakulimaliza. Kwa mbali Emilia na wengine walikuwa wamesimama na majembe yao, wakimtazama usoni, kama kawaida.

"Vipi?" Emilia akapaza sauti. "Matamu?"

Siku hizi Penina anaona taabu kusifu mali asiyoiamini. Akapanua shimo, akakalisha beseni, akalijaza, akasogea kando. Denis akampitisha ng'ombe wake mkubwa mwekundu, jike mwenye kiburi, asiyebembelezwa na mtu. Ng'ombe akanusa beseni. Akainua kichwa, akatazama milima. Akainamisha tena, akanywa, akaendelea kunywa mpaka beseni likakwaruza mchanga.

"Amekunywa," Denis akasema.

"Nimeona," Penina akasema, akamgeukia Emilia na wale wengine. "Mnasimama nini? Njooni mchimbe. Na mpeane nafasi, asinisogelee mtu."